Samaki Mmoja na Tenga Zima

Wahenga walisema, "Samaki mmoja akioza huoza wote." Sisi waalimu twaitumia mithali hii kuwaonya watoto wasifuatane na rafiki wabaya, na kwa kazi hiyo ni njema. Lakini watu huitumia kwa njia nyingine pia: mtu mmoja akitenda ovu, husema kwamba jamaa zake wote ndivyo walivyo. Siku hizi neno hilo halisemwi barazani tu, bali huenezwa na magazeti, na redio, na habari zipitazo katika simu za mkononi. Basi twauliza: gazeti likilifanya kabila zima, au watu wa dini fulani, kuwa kitu kimoja kibaya, kosa ni la nani? Ni la mwandishi peke yake, au msomaji naye ana sehemu yake?

Kwanza na tuone jinsi jambo lenyewe litendekavyo. Si lazima mwandishi aseme uongo. Tuseme mtu ameiba ng'ombe, na gazeti likaandika kwamba mtu wa kabila fulani ameiba. Neno hilo ni kweli. Juma la pili mtu wa kabila jingine aiba, na gazeti laandika kwamba mwizi amekamatwa, wala kabila lake halitajwi. Hilo nalo ni kweli. Juma la tatu mtu wa kabila lile la kwanza amwokoa mtoto mtoni, na gazeti laandika kwamba mtu mwema ameokoa mtoto. Ni kweli pia. Lakini kweli hizo tatu zikikaa pamoja zazaa uongo mmoja mkubwa, ya kwamba kabila lile ni kabila la wezi. Uongo huo haukuandikwa po pote. Msomaji ameujenga mwenyewe kichwani mwake, naye adhani ni maarifa yake. Ndiyo sababu ni vigumu kuung'oa.

Pengine mtu atatujibu kwa mithali nyingine, ya kwamba maneno makali hayavunji mfupa. Huyo na aitazame Rwanda, nchi jirani.

Mwezi wa Mei, 1990, gazeti liitwalo Kangura lilianza kutoka huko, na mhariri wake alikuwa Hassan Ngeze. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule likachapa orodha iliyoitwa Amri Kumi za Wahutu. Katika orodha ile kila Mtutsi alihesabiwa kuwa mdanganyifu katika biashara, na Mhutu aliyeoa mwanamke wa Kitutsi aliitwa msaliti. Hakutajwa mtu aliyedanganya, wala soko alimodanganya, wala bidhaa aliyouza. Walitajwa wote.

Mwezi wa Julai, 1993, ikafuata redio ya RTLM. Watu waliipenda, maana ilipiga muziki mzuri, na watangazaji wake walizungumza kama watu wakaao pamoja jioni, kwa mzaha na vicheko. Na katikati ya mzaha huo walirudia neno inyenzi, yaani mende. Tangu miaka ya 1960 jina hilo lilikuwa la wapiganaji wa Kitutsi waliotoka uhamishoni wakivuka mpaka. Sasa likatandazwa hata likamfunika mkulima, na mwalimu, na bibi kizee, na mtoto mchanga asiyeweza kushika hata fimbo. Ni kweli kwamba palikuwa na vita, maana tangu Oktoba, 1990, jeshi la RPF lilikuwa likipigana na serikali, na hofu ya watu haikuwa ya bure. Lakini hofu ya mwenye bunduki ilihamishwa ikawekwa juu ya asiye na kitu mkononi. Na mende aonekanapo nyumbani, kila mtu ajua atendwavyo.

Tarehe 7 Aprili, 1994, mauaji yakaanza, yakadumu siku 100 hivi. Hesabu itajwayo mara nyingi ni watu 800,000, na wengine husema zaidi. Wengi mno walikuwa Watutsi, na pamoja nao waliuawa Wahutu waliokataa uovu ule. RTLM ilitaja watu kwa majina na mahali walipokuwa, ili wapate kuuawa. Wauaji wengi walikuwa jirani waliochota maji katika kisima kimoja na wale waliowaua. Watu waliuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia, na neno hilo latupasa kulifikiri sana sisi tuendao kanisani.

Umoja wa Mataifa uliweka mahakama mjini Arusha. Tarehe 3 Desemba, 2003, mahakama hiyo ilimtia hatiani Ngeze, pamoja na Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio ile. Mwaka 2007 mahakama ya rufani ilifuta baadhi ya hatia na kupunguza adhabu, lakini wote watatu walibaki na hatia, na kila mmoja alipewa kifungo cha miaka 30 au zaidi.

Basi wenye kusema walihukumiwa. Je, yule aliyesikiliza akacheka, wala hakushika panga? Wako wasemao kwamba hana neno, maana masikio hayana mlango. Sisi hatukubali. Mfinyanzi haendelei kufinyanga vyungu visivyo na mnunuzi, na mzaha usiochekwa haurudiwi kesho. Aliyecheka jana alimpa mtangazaji nguvu ya kuongeza leo, na jirani yake aliyetukanwa, akisikia kicheko kile, alijua kwamba hana wa kumtetea.

Hata hivyo hatusemi kwamba msikilizaji ana hatia sawasawa na muuaji. Kusema hivyo ni kuwatia wote katika tenga moja, jambo lile lile tunalolikataa. Wala haifai mtu amalize habari hii akasema, "Wahutu ndivyo walivyo." Wako Wahutu waliowaficha jirani zao chini ya vitanda na mashambani, na wengine waliuawa kwa ajili hiyo. Asemaye hivyo hajajifunza neno. Amebadilisha jina la kabila tu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, upatapo habari mbaya ya watu fulani, jiulize mambo matatu. La kwanza, ni nani aliyetenda? Kama hakutajwa mtu wala mahali, bali kabila tu, usiipokee. La pili, kama mtendaji angekuwa mtu wa kwetu, je, habari ingeandikwa hivi? La tatu, je, mimi namjua mmoja wao kwa uso wake na kazi yake, na habari hii yafanana naye?

Tena wewe ujuaye kusoma una mzigo kuliko wengine. Wazee na akina mama wengi hulipokea gazeti kwa kinywa chako, na habari ya simu hufika kwao kwa mkono wako. Ukisoma matusi juu ya watu, ukanyamaza na kupeleka mbele, umekuwa mtangazaji nawe. Sema palepale, "Huyu ni mmoja, si wote." Ni maneno machache, nayo yaweza kukuletea kicheko cha wenzako. Yavumilie. Hata mnunuzi wa samaki hamwagi tenga zima kwa sababu ya harufu. Huinua mmoja mmoja, akamtazama macho, ndipo aamue. Jirani yetu astahili angalau uangalifu huo.