Simu ya Mwalimu Saa Nne Usiku

Soma Kutoka 18:13-26. Yethro aliona nini ambacho Musa hakukiona?

Mzazi anapiga simu saa nne usiku kuuliza kwa nini mwanawe amepata 38 katika Hisabati. Kabla mwalimu hajamaliza kueleza, kundi la WhatsApp la darasa linauliza rangi ya sare za michezo. Je, mwalimu Mkristo anayezima simu saa hiyo amepungukiwa na upendo?

Wengi husema ndiyo, kwa kuwa ualimu ni wito, na wito hauna saa. Musa naye alifanya kazi hivyo, watu wakisimama mbele yake tangu asubuhi hata jioni. Yethro hakumsifu. Alimwonya kwamba atachoka yeye, na watu pia watachoka. Sehemu hiyo ya pili ndiyo husahaulika. Mzazi mwenye simu janja na bando hupata jibu usiku. Mama muuza mboga mwenye simu ya kitochi, anayekuja shuleni kwa miguu, humkuta mwalimu akisinzia. Kwa hiyo saa za kuzungumza na wazazi, zikitangazwa katika kikao cha kwanza cha muhula, ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la mapumziko.

Kwa mwanafunzi mpaka ni mkali zaidi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, hata yule wa kidato cha nne aliyeanza kuota ndevu. Mwalimu asimwandikie faraghani, hata kama ni neno la kumtia moyo au ahadi ya kumwombea. Anayejitetea kwamba nia yake ni njema huenda anasema kweli. Lakini mtoto hana kipimo cha nia, na mwenye nia mbaya huanza kwa maneno hayo hayo. Ujumbe upitie kwa mzazi, au mahali ambapo mwalimu mwingine anausoma.

Hata hivyo, Yethro hakufunga mlango wote: mashauri magumu yaliendelea kuletwa kwa Musa. Mtoto anayepigwa nyumbani, au ambaye giza limeingia hajafika kwao, hangoji saa za kazi, wala Sabato haimzuii mtu kumsaidia. Shule iwe na namba moja ya dharura ambayo watoto wenyewe wanaijua, matroni na mwalimu wa malezi wakiipokea kwa zamu, ili mzigo wote usimwangukie mwalimu mmoja mwenye huruma.