Jimbo Limefuta, Taifa Halijafuta

Wanangu mnaokulia hapa Grand Rapids, kuna habari njema ambayo wengi wenu mmeisikia nusunusu, na habari ya nusu humponza mtu. Nataka muipate yote.

Tangu tarehe 11 Aprili 2023, jimbo letu la Michigan linafuta lenyewe rekodi za makosa mengi ya zamani. Makosa madogo hufutwa miaka saba baada ya hukumu. Makosa makubwa, yasiyozidi mawili kwa mtu mmoja, hungoja miaka kumi tangu hukumu au tangu kutoka gerezani, mradi mtu hakuhukumiwa tena katika muda huo. Hujazi fomu, hulipi wakili, husimami mbele ya hakimu. Makosa ya kushambulia watu, ya kughushi, na yale mazito kabisa hayamo.

Zamani ruhusa ya kufutiwa ilikuwepo, lakini ilibidi uiombe: alama za vidole, nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama, ada, na siku ya kazi kupotea mahakamani. Wanasheria wawili, J.J. Prescott na Sonja Starr, walichunguza suala hilo hapa hapa Michigan, na utafiti wao ulichapishwa mwaka 2020. Waligundua kwamba kati ya kila watu mia waliostahili, hawakufika saba waliofutiwa ndani ya miaka mitano. Waliofanikiwa, mishahara yao ilipanda kwa zaidi ya asilimia 20 katika muda mfupi. Maana yake, watu walikuwa wakikosa kazi na nyumba ya kupanga kwa sababu ya karatasi ambayo sheria yenyewe ilikubali iondolewe. Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nafurahi kwamba jimbo limelitambua hilo.

Lakini msikae mkidhani kila kitu kimekwisha. Hakikisheni wenyewe. Polisi wa jimbo wana ukurasa wa intaneti uitwao ICHAT. Kwa dola kumi unaona rekodi yako kama mwajiri anavyoiona. Kampuni binafsi zinazouza taarifa za watu huenda bado zinashikilia nakala ya zamani. Ukinyimwa kazi kwa sababu hiyo, dai upewe ripoti waliyoitumia, kisha uipinge kwa maandishi. Sheria ya taifa inakupa haki hiyo.

Sasa nisikilizeni vizuri zaidi, hasa ninyi ambao bado hamjaapa kiapo cha uraia. Tulitoka Nyarugusu na kambi nyingine tukiwa na hati za ukimbizi, na faili zetu ziko mikononi mwa serikali ya taifa. Kwa maofisa wa uhamiaji, hukumu iliyofutwa na jimbo kwa kawaida inabaki kuwa hukumu. Chukueni fomu N-400 ya kuomba uraia, msome sehemu inayouliza kama umewahi kukamatwa au kushtakiwa. Inataka ujibu ndiyo hata kama rekodi ilifungwa au kufutwa, hata kama mtu alikuambia huna rekodi tena. Kijana akiandika hapana kwa sababu jimbo limemsafisha, anakuwa amesema uongo kwa serikali, na uongo huo unaweza kumgharimu kuliko kosa lenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, na ofisa atakayekuhoji tayari ana alama zako za vidole.

Kwa hiyo nendeni mahakamani mkachukue nakala ya hukumu yenye muhuri, mkaitunze pamoja na vyeti vyenu. Uhamiaji wataidai. Na kabla ya kujaza fomu yoyote, mwoneni wakili wa uhamiaji, si rafiki aliyefaulu mwaka jana.

Bangi nayo naitaja kwa jina. Michigan iliiruhusu kwa kura mwaka 2018, na maduka yake yako wazi barabarani. Sheria ya taifa haijairuhusu hivyo. Mwaka 2019 idara ya uhamiaji ilieleza kwamba hata kufanya kazi katika biashara hiyo kunaweza kumzuia mtu kupata uraia. Asiye raia asiiguse, asiiuze, wala asiajiriwe huko, hata mshahara uwe mzuri namna gani.

La mwisho. Kufutiwa hakuondoi deni la uliyemdhuru. Kama mahakama iliamuru ulipe fidia, unaendelea kudaiwa, na ukikataa kulipa hukumu inaweza kurudishwa. Lakini nawaambia hata pale ambapo mahakama haikuamuru chochote: uliyemwibia au kumharibia mali yake anaishi mji huu huu, na pengine mnasali pamoja. Nenda kwake na mtu mzima unayemheshimu, uombe msamaha, ulipe unachoweza. Kompyuta ya jimbo haiwezi kukufanyia hilo.

Nanyi ambao hamjawahi kukamatwa, mwenzenu akishafutiwa, msimfungulie tena jalada kwa midomo yenu kwenye harusi na misiba. Mwajirini, mpangisheni chumba, mruhusuni binti yenu amsikilize. Sheria imemrudishia nafasi. Ni ninyi mtakaomwezesha kuitumia.