Je, Gari la Umeme Lafaa Kununuliwa?

Watu wawili hukosea katika kila jambo jipya. Wa kwanza ni yule alikataaye kwa kuwa babake hakulijua. Wa pili ni yule alipokeaye kwa kuwa jirani yake amekwisha kulipokea. Mmoja amemwachia marehemu afikiri badala yake, na mwengine amemwachia jirani. Na wote wawili akili yao wameiweka kabatini kama nguo ya sikukuu. Mtu mwenye busara hutazama faida na madhara, akavipima, kisha ndipo akakata shauri.

Twasema haya kwa sababu suala limeletwa katika darsa letu hapa Ngoliba. Ndugu mmoja, mwalimu wa skuli, ana kipande cha shamba alichorithi. Ataka kukiuza ili anunue gari la umeme, au lile la nguvu mbili liitwalo haibridi. Amesikia kwamba mwenye gari hilo amepumzika na petroli, na tena kwamba anunuaye gari la moshi zama hizi anawadhulumu viumbe. Auliza: je, lafaa? Suala hili si lake peke yake. Tangu barabara kuu ya Nairobi na Thika ilipofunguliwa upya mwaka 2012, watu wengi wa Ruiru, Juja, Thika na vijiji vya njia ya Garissa hulala pahala pamoja na kufanya kazi pahala pengine, na kila safari yala mafuta. Mwezi wa Oktoba 2023 lita moja ya petroli mjini Nairobi ilifika shilingi 217 na senti 36. Bei ilishuka baadaye, lakini hofu haikushuka pamoja nayo.

Basi kwanza yatupasa tukijue kitu chenyewe, kwani hukumu juu ya kitu ni tawi la kukijua. Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Dereva akanyagapo breki, nguvu iliyokuwa ikipotea bure kwa joto hugeuzwa umeme na kuwekwa katika betri, na umeme huo hulisaidia gari kuondoka tena. Toyota Prius, iliyotoka Japani mwishoni mwa mwaka 1997, ndiyo iliyoieneza njia hii ulimwenguni. Hapana uchawi ndani yake: mafuta ni yale yale, ila hayamwagwi ovyo. Kwa hivyo faida yake ni kubwa mjini penye foleni, na ni ndogo katika njia ndefu iliyonyoka. Aliye kila asubuhi katika msongamano wa Nairobi atapata mengi. Apitaye njia ya Garissa asikanyage breki ila penye matuta atapata machache.

Ama gari la umeme mtupu, halina injini ya petroli kabisa. Lina betri kubwa na mota. Halina mafuta ya injini ya kubadilishwa, wala plagi, wala bomba la moshi, na kwa hivyo gharama za gereji hupungua. Walakini betri ndiyo roho yake na ndiyo ghali kuliko vyote. Nissan Leaf zilizoanza kuuzwa mwisho wa mwaka 2010 zilikuwa na betri isiyopozwa kwa maji, na betri kama hiyo huchakaa upesi penye joto. Magari mengi tununuayo Kenya yametumika Japani kwanza, na sheria yaruhusu kuingizwa gari lisilozidi miaka 8. Miaka 8 kwa injini iliyotunzwa si mingi. Kwa betri ni mingi sana.

Sasa natupige hesabu, kwani jambo la fedha halijibiwi kwa maneno matupu. Tukadirie mtu aendaye kilomita 60 kila siku, siku 300 kwa mwaka. Gari la petroli likienda kilomita 12 kwa lita, atatumia lita 5 kwa siku. Tukiweka lita kwa shilingi 180, hizo ni shilingi 900. Gari la haibridi likienda kilomita 20 kwa lita, atatumia lita 3, yaani shilingi 540. Gari la umeme litakula kama yuniti 10, na tukiweka yuniti kwa shilingi 30, hizo ni shilingi 300. Kwa mwaka, mwenye haibridi ataokoa shilingi 108,000, na mwenye gari la umeme shilingi 180,000. Ikiwa haibridi imezidi bei ya gari la kawaida kwa shilingi 300,000, zitarudi kabla ya kutimia miaka 3. Hapo hapana shaka kwamba lafaa.

Lakini mchukue mtu mwengine, ambaye hutoa gari lake mara moja kwa juma, aende kilomita zile zile 60. Haibridi itamwokolea shilingi 18,720 kwa mwaka. Shilingi 300,000 zake zitarudi baada ya miaka 16, na betri itakuwa imekwisha kufa kabla ya siku hiyo. Gari ni moja, bei ni moja. Kwa mmoja ni akiba, na kwa mwengine ni israfu. Basi asemaye kwamba gari hili lafaa, au halifai, bila ya kuuliza mtu aenda wapi na mara ngapi, amesema neno lisilo na maana.

Tutazame na pahala. Kwa wenye kuchaji magari kwa mita maalumu, serikali iliweka mwaka 2023 bei nafuu ya shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 katika saa ambazo watumiaji ni wachache, kabla ya kodi na makato. Huo ni wepesi mkubwa. Lakini mwaka huo huo, usiku wa tarehe 25 Agosti, takriban nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Vituo vya kuchaji vimekusanyika Nairobi na njia kuu. Akaaye kijijini, stima ikikatika jioni, asubuhi hana gari. Basi mwenye gari la umeme hapa kwetu lazima awe na njia ya pili ya kusafiri, na njia ya pili nayo ina gharama.

Yabaki suala la dhulma, nalo ndilo zito. Ni kweli kwamba moshi wa magari wadhuru, khasa watoto na wauzao bidhaa kando ya barabara, ambao hawana gari wala hawakuomba moshi wa mtu. Ni kweli vile vile kwamba umeme wa Kenya ni safi kuliko wa nchi nyingi: karibu sehemu 9 katika 10 hutoka katika mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana, upepo wa Loiyangalani na jua. Upande wetu huu wenyewe, mashine za Ndula katika Mto Thika zilianza kutoa umeme tangu miaka ya 1920. Kwa hivyo mtu akitumia umeme badala ya petroli katika nchi hii, amepunguza moshi kweli kweli.

Hata hivyo, asijione kwamba mikono yake ni mieupe. Betri nyingi za magari zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, khasa pande za Kolwezi. Huko wako watu wasemao Kiswahili kama sisi, wachimbao kwa mikono katika mashimo yaangukayo, na watoto wameonekana miongoni mwao. Moshi ulioondoka Thika usigeuke kuwa vumbi katika vifua vya watoto wa Kolwezi. Mtu atasema: na petroli je, haina wadhulumiwa? Inao, na watu wa mwambao wa Niger huko Nijeria, ambao mafuta yamewaharibia mito, ni mashahidi. Lakini dhulma ya pili haiifuti ya kwanza. Faida ya kujua haya ni mbili: anunuaye aulize betri ya gari lake imefanywa kwa nini, kwani ziko za chuma na fosfeti zisizo na kobalti, na asitumie gari lake jipya kuwa mimbari ya kuwahukumu majirani.

Tena, anayetaka kweli kupunguza madhara na atazame basi kabla ya kutazama gari lake. Mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, na tangu mwaka 2024 yanaundwa hapa Thika katika kiwanda cha KVM. Basi moja hubeba watu makumi, hutembea mchana kutwa, na kwa hivyo gharama ya betri yake hurudi. Kadhalika pikipiki ya boda boda ya umeme, ambayo mwenyewe hubadilishiwa betri kituoni akaendelea na kazi. Gari la mtu mmoja hulala saa 20 kati ya saa 24. Ikiwa nia ni hewa safi, shilingi iliyotiwa katika chombo cha wengi yafanya kazi zaidi ya ile iliyotiwa katika chombo cha mmoja.

Yako mambo mawili ambayo hatuwezi kuyanyamazia, kwani dini imeyasema waziwazi. La kwanza ni juu ya muuzaji. Aijuaye betri kuwa imechoka akanyamaza, akaliosha gari, akalipiga rangi na kusifu kwamba halili mafuta, huyo ameghushi, hata kama hakutamka uwongo. Kasoro ya betri haionekani kwa macho, na kwa hivyo wajibu wa kuieleza ni mkubwa zaidi. Mnunuzi naye asione haya kutaka gari lipimwe na fundi ajuaye betri kabla ya kutoa fedha. La pili ni juu ya mkopo wa riba. Haiwi mtu aseme anaikimbia petroli, kisha akaingia katika riba ambayo kila mwezi itamla zaidi ya petroli ilivyokuwa ikimla.

Sasa twamjibu ndugu yetu. Ikiwa safari yako ni ya kila siku, na ni ya kupita foleni, na fedha unazo pasina kuuza shamba wala kukopa kwa riba, haibridi iliyopimwa betri yake yafaa, na haina lawama. Gari la umeme mtupu lamfaa aliye na pahala pa kuchaji pa kutegemewa na safari zinazojulikana urefu wake. Ama kuuza shamba la urithi kwa ajili ya gari, la umeme au la petroli, hatukuoni kuwa ni busara. Gari hushuka thamani tangu siku litokapo kwa muuzaji. Shamba hukaa, likakulisha wewe na wanao. Baada ya miaka 10 betri itatupwa, na wanao watakuuliza liko wapi shamba la babu. Tafuta wenzako watatu waendao Thika saa ile ile, mchangie gari moja. Hilo lapunguza moshi kwa robo tatu leo hii, bila ya betri wala mkopo.

Kitu hakiwi chema kwa upya wake wala kibaya kwa upya wake. Chema ni kile ambacho faida yake imeshinda gharama yake, na gharama hiyo hakubebeshwa mtu mwengine kwa siri. Kila mwenye kutaka kununua na ajiulize hayo mawili, kisha afungue mfuko wake.