Mtoto Ametulia: Je, Amepona?

Mzazi akitoka kwa mganga wa hospitali na vidonge mkononi, kwa kawaida huuliza neno moja tu: Je, dawa hii itamsaidia mtoto wangu? Ni wachache wanaouliza neno la pili: Na je, itamwondolea nini? Neno hilo la pili ndilo tunalotaka kulifikiri pamoja nanyi, wasomaji wapenzi, maana tumeliona likiingia katika nyumba moja hapa Likasi, na wenye nyumba hawakujua walijibu namna gani.

Baba na mama wa nyumba hiyo wanakaa Kikula. Wana binti wa miaka 8 mwenye kifafa. Dada mkubwa wa baba anakaa Ubelgiji, naye ana mtoto wa kiume wa miaka 9, mwenye ugonjwa ambao waganga wasemao Kifaransa huufupisha kwa herufi TDAH. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuyashika mawazo yake mahali pamoja. Hawezi kukaa kitako. Hutenda kwanza, hufikiri baadaye. Si ukaidi, wala si malezi mabaya, ingawa kila jirani huwa na hakika kwamba ni fimbo tu iliyokosekana. Binti wa Kikula anapewa fenobarbitali, ile dawa ambayo watu wa kwetu waijua kwa jina la Gardénal. Mvulana wa Ubelgiji anapewa metilfenidati, ambayo kule huuzwa kwa jina la Rilatine.

Sasa tazameni ajabu yake. Yule mvulana aliyekuwa hatulii, ametulia. Yule binti aliyekuwa mpole kati ya anguko moja na jingine, hatulii tena. Ni mwezi wa tano sasa hajaanguka, lakini apanda juu ya meza, awapiga wadogo zake, alia pasipo sababu, na usiku azunguka chumbani wengine wakiwa wamelala. Majirani wamekwisha kusema kwamba amepewa dawa ya wazimu. Naye mvulana amesifiwa na mwalimu wake kwa mara ya kwanza tangu aanze shule. Lakini mkate aliofungiwa asubuhi warudi nyumbani mzima, saa nne ya usiku angali macho, na jioni dawa inapokwisha nguvu hukasirika kwa jambo dogo kama kiatu kilichofungwa vibaya. Mama yake alimwambia ndugu yake katika simu kwamba sasa ana mtoto mwema sana, ila pengine amtazama na kumwona kama mgeni aliyekuja kulala kwao.

Mambo haya mawili si mageni kwa waganga. Wanajua kwamba metilfenidati hupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi, huweza kuleta maumivu ya kichwa na ya tumbo, na kwa watoto wengine huchelewesha kidogo kukua kwa kimo. Wanajua pia kwamba fenobarbitali huwasinzisha wengi, na kwamba kwa baadhi ya watoto hufanya kinyume, huwatia utukutu na hasira. Basi, shangazi akatoa shauri lake: atatuma sehemu ya vidonge vya mwanawe ndani ya sanduku la mtu anayesafiri, binti naye atulie. Baba akajibu, "Asante, Yaya," akanyamaza, maana moyoni alikuwa na shauri jingine: kuitupa Gardénal kesho yake asubuhi.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoeleza habari ya mtu anayejikinga na adui yake, alifundisha kwamba tendo moja laweza kuzaa mambo mawili, moja likiwa limekusudiwa na jingine likiwa kando ya kusudi. Walimu wa maadili waliomfuata walilifanya fundisho hilo kuwa kipimo. Ni halali, walisema, kutenda jambo lenye matunda mawili, jema na baya, iwapo tendo lenyewe si ovu, iwapo lile baya halitakwi, iwapo jema halipatikani kwa njia ya lile baya, na iwapo jema lina uzito wa kutosha. Baba Mtakatifu Pio XII alishika njia hiyo tarehe 24 Februari 1957 alipowajibu waganga wanaolaza wagonjwa kwa ajili ya kupasuliwa: alikubali kwamba, kama hakuna njia nyingine, maumivu yaweza kupunguzwa hata kwa dawa ambayo, pasipo mtu kukusudia, itafupisha maisha ya mgonjwa.

Labda mtu atasema: Haya ni maneno ya seminari, yana nini na mtoto wa Kikula asiyelala? Yana mengi. Sharti la kwanza na la pili hayatusumbui. Kumpa mtoto dawa si uovu, na hakuna mama anayetamani mwanawe akose chakula. Ni sharti la tatu ambalo mguu wetu huteleza juu yake.

Mtoto wa kifafa akisinzia darasani kwa sababu ya dawa, usinzizi ule sio unaomkinga na anguko. Ni moshi wa moto unaopika. Wazazi wake kama wangeweza kuuondoa moshi na kubakiza moto, wangefanya hivyo siku ileile. Lakini yuko mzazi mwingine, naye tunamjua sote, ampaye mtoto mzima dawa ya kikohozi iletayo usingizi kwa kuwa wageni wanakuja, au kwa kuwa safari ya kwenda Lubumbashi ni ndefu na mtoto huyo ana kelele. Hapo usinzizi si moshi tena. Ndio chakula chenyewe kilichopikwa. Mzazi ameutaka udhaifu wa mtoto, apate raha yake kwa njia ya udhaifu huo. Dawa yaweza kuwa ileile katika chupa ileile, lakini tendo si lilelile.

Kwa hiyo, mtoto anapotulia, hatuna budi kuuliza: Ametulia kwa faida ya nani? Ni swali gumu, kwa kuwa utulivu wa mtoto huwafaa watu wengi. Humfaa mama aliyechoka. Humfaa mwalimu, na hapa hatumlaumu mwalimu hata kidogo, maana tangu shule za msingi za serikali zilipofanywa za bure mwaka 2019 madarasa mengi yamejaa kupita kiasi, na mtoto mmoja asiyekaa huweza kulivunja somo la wote. Humfaa hata jirani. Katika shangwe hiyo yote ni rahisi kusahau kumwuliza mwenye mwili.

Historia ya dawa hizi yenyewe yafundisha. Mwaka 1937 mganga mmoja wa Marekani, Charles Bradley, alitoa habari za watoto 30 wa hospitali yake katika jimbo la Rhode Island. Aliwapa dawa iitwayo Benzedrine akitafuta kuwaondolea maumivu makali ya kichwa waliyoyapata baada ya kupimwa ubongo. Kichwa hakikupona sana. Ila walimu walikuja wakisema kwamba baadhi ya watoto wale wanajifunza kwa bidii isiyo ya kawaida. Maana yake, kile tunachokiita leo kazi ya dawa kilikuwa kwanza jambo la kando, lililoonekana kwa sababu walimu walikuwa na macho na mganga alikuwa na masikio. Metilfenidati ilifuata mwaka 1944, ikitengenezwa na Leandro Panizzon huko Basel, naye ndiye aliyeipa dawa hiyo jina la mke wake, Rita, likawa Ritalin.

Na dawa hiyo, ieleweke, haimtulizi mtoto kwa kumlaza. Ni dawa ya kuamsha. Huusaidia ubongo kushika jambo moja mpaka liishe. Kipimo kikiwa sawa, mtoto hubaki yeye mwenyewe: acheka, achokoza, agombana na dada yake juu ya mpira. Akiwa kama sanamu iliyochongwa, asiyecheka wala kulia, hiyo si dalili ya kupona. Pengine kipimo kimezidi, na mganga yampasa aambiwe.

Lakini je, aambiwa? Mganga humwona mtoto kwa dakika chache katika mwezi. Mama humwona usiku. Na hapa, wazazi wenzetu, tuseme ukweli, kuna dhambi ndogo inayofanyika kila siku katika vyumba vya hospitali. Mganga auliza, "Anameza dawa vizuri?" Mzazi ajibu, "Ndiyo, Dokta," na huku nusu ya vidonge imo kabatini, au ilitupwa chooni wiki mbili zilizopita. Asema uongo kwa kuwa aogopa kukaripiwa, au aona haya, au adhani kwamba mtu mwenye koti jeupe hataki kusikia habari za mkate uliorudi nyumbani. Tena wako waganga wanaostahili kuogopwa hivyo. Hilo nalo tulikiri. Hata hivyo uongo huo haumwumizi mganga. Yeye ataandika kipimo kikubwa zaidi akidhani kwamba kile kidogo hakikufaa, na mwili utakaokipokea ni wa mtoto.

Limebaki sharti la nne, yaani uzito. Kuupima uzito kwahitaji kukumbuka kwa nini dawa ilitakwa tangu mwanzo. Huko Mahenge, Tanganyika, katika nchi ya Wapogoro, mganga wa kike kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuwatibu watu wa kifafa. Aliwakuta waliotengwa na jamaa zao, waliokula katika chombo chao peke yao kwa sababu watu waliogopa mate yao, na wenye makovu ya kuangukia motoni pasipo mtu kuthubutu kuwashika na kuwavuta. Dawa aliyowapa ilikuwa hasa hiyo fenobarbitali, ambayo nguvu yake juu ya kifafa ilijulikana tangu mwaka 1912. Mama wa Kikula, aliyekwisha kumtoa binti yake kwenye makaa mara moja, hana haja ya kuelezwa uzito huo. Mtoto anayepanda meza yu hai, na mikono yake ni mizima.

Hata hivyo uzito wa jema hautupi ruhusa ya kulikubali baya lolote milele. Fenobarbitali hutolewa kwetu kwa wengi kwa kuwa ni nzuri, ndiyo, lakini pia kwa kuwa ni rahisi kupita nyingine zote. Mtoto wa maskini huvumilia madhara ambayo mtoto wa tajiri angebadilishiwa dawa kwa ajili yake. Hatupendi kulinyamazia jambo hilo, wala hatupendi mzazi aambiwe kwamba avumilie tu, kana kwamba umaskini wake ni sehemu ya ugonjwa.

Na yale mashauri mawili? Kuiacha Gardénal kwa ghafula ni hatari kubwa. Kifafa huweza kurudi kwa maanguko yanayofuatana pasipo mtoto kupata fahamu katikati, na wengine hufa. Dawa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo, kwa majuma mengi, kwa amri ya mganga. Vidonge vya sandukuni navyo ni vibaya kwa namna nyingine. Metilfenidati imo katika orodha ya dawa zinazolindwa na mapatano ya mataifa ya mwaka 1971, haisafirishwi kama sukari. Tena mtoto mwenye kifafa hapewi pasipo mganga kumwangalia kwa makini. Shangazi alitoa kwa upendo. Lakini tazameni: dawa ya pili ingetolewa ili kuyaziba madhara ya kwanza, na huko Ubelgiji mvulana angebaki na siku zisizo na dawa.

Yule baba hakuitupa Gardénal. Mama alimzuia, kwa sauti kubwa kiasi kwamba nyumba ya pili ilisikia. Alinunua daftari ya shule, akaandika kwa mwezi mmoja: siku, saa ya dawa, saa ya kulala, chakula alichokula, vita alivyovipigana. Maandishi yake si mazuri na Kifaransa chake ni kibovu, lakini mganga aliyasoma yote akiwa amesimama. Aliwatuma Lubumbashi, na huko wakaanza kumwingizia binti karbamazepini huku wakipunguza ile ya kwanza. Yagharimu zaidi. Baba ameuza redio.

Habari za daftari zilifika Ubelgiji. Shangazi naye akaanza lake, na jambo la kwanza aliloliandika ni jibu la mwanawe, ambaye hakuwa amemwuliza kitu kwa muda wa mwaka mzima. Mvulana alisema kwamba dawa humsaidia, haitaki iachwe, ila saa sita tumbo lake ni kama limefungwa kamba. Mganga wao alishusha kipimo, akaagiza mtoto ale kwanza asubuhi ndipo ameze, akaanza kumpima kimo na uzito kila baada ya miezi sita. Sasa mama ampikia bukari jioni, saa moja na nusu, dawa ikiwa imekwisha nguvu. Hula sahani mbili, huongea huku kinywa kimejaa, na hugonga mguu wa meza mpaka vikombe vyalia.