Motakaa ya Marehemu: Kuiheshimu ni Kufanyaje?

Kuna kuharibu kwa mkono, tena kuna kuharibu kwa kutogusa. Mharibifu wa kwanza hujulikana upesi, naye hulaumiwa. Wa pili hukaa barazani pake kwa utulivu, na watu humsifu kuwa ni mtunzaji. Huyu wa pili ndiye nitakaye kumfikiri leo, na mfano wangu ni motakaa kuukuu.

Tuseme mzee mmoja wa Sanje amefariki, ameacha Peugeot 404. Motakaa za namna hii zilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, nazo zilipata sifa kubwa katika nchi zetu. Katika mashindano ya Safari ya mwaka 1963 ziliondoka motakaa 84, zikamaliza 7 tu, na iliyotangulia ilikuwa 404. Miaka ya 1966 na 1967 Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda kwa 404 vilevile. Basi haishangazi kwamba mzee wetu aliipenda yake. Wanawe watatu wakaiacha uani, mahali peupe, wakasema, “Tusiiguse; ni ukumbusho wa baba.”

Tazameni yatokeayo. Milima ya Udzungwa huleta kivuli Sanje saa za jioni tu; tangu asubuhi hata alasiri motakaa ile yapigwa na jua. Miali ya jua huvunja kile kiishikamanishacho rangi. Rangi hupauka, hata mtu akipitisha kidole juu yake hutoka na unga kama wa chokaa. Mipira ya madirisha hukakamaa na kupasuka. Ndipo masika huja, na katika bonde la Kilombero mvua si haba. Maji hupenya penye nyufa, hutuama chini ya zulia, na kutu huanza kula bati kwa ndani, mahali pasipoonekana. Jua limefungua mlango, maji yameingia. Hakuna aliyeipiga nyundo motakaa hii, lakini yafa.

Hata siku moja ndugu wanakutana. Mkubwa asema, “Tuipake rangi, tuiuze.” Wa pili asema, “Iachwe vivyo hivyo.” Mdogo wao asema, “Kaka zangu, nipeni mimi, niitengeneze ipate kwenda tena.” Ni nani amheshimuye baba?

Shauri la mkubwa lina faida ya upesi, lakini ndani yake mna uongo. Rangi juu ya kutu ni kumficha mnunuzi ubovu, tena ni kuuza pamoja na motakaa jina jema la marehemu. Fundi mwaminifu haanzi kwa kupaka, huanza kwa kukwangua. Hukwangua mpaka afikie bati zima, na kazi hiyo huifanya motakaa ionekane mbaya kuliko ilivyokuwa kwanza. Asiyeweza kuivumilia aibu hiyo ya kati hatafika kwenye uzima wake.

Shauri la wa pili laonekana kuwa la upendo. Lakini baba alipenda nini? Hakupenda bati limesimama. Alipenda kusafiri, na kuwapakia jirani wenye mizigo na wagonjwa. Kukiacha kitu kioze kwa jina la ukumbusho ni kuheshimu jina, na kulisahau jambo lenyewe.

Juu ya shauri la mdogo watu husema maneno mawili. La kwanza: ikibadilishwa milango, mipira na rangi, je, itakuwa bado ya baba? Nijibu kwa nyumba zetu. Nyumba ya nyasi huezekwa upya mara kwa mara, na nguzo iliyoliwa na mchwa hung’olewa. Wala hatusemi kwamba si nyumba ya babu tena. La pili ni zito zaidi: fedha. Kama matengenezo yatakula karo ya watoto, upendo huo umepotea njia. Hapo na watafute mtu awezaye kuitengeneza, wampe au wamwuzie, na ubovu wote wamwonyeshe.

Kutoa namna hii si kumtupa baba. Motakaa ya Volvo iliyotumiwa na timu ya Sweden katika Safari ya mwaka 1964 haikupata ushindi kwa wenyewe. Ilibaki Kenya, ikaingia mikononi mwa Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho. Yeye na nduguye Jaswant waliiandaa, wakashinda kwayo Safari ya mwaka 1965. Sifa yake iliyo kubwa kuliko zote ilipatikana baada ya kutolewa kwa mwingine.

Basi nionavyo mimi, njia za heshima ni tatu: kukitumia kitu, kukitengeneza, au kumpa mwingine kwa ukweli. Kukiacha juani si njia ya nne. Na kama ndugu hawa hawajapatana bado, wala fedha hawana, kuna kazi ya kesho asubuhi isiyohitaji fundi: miti minne na nyasi za kuezekea, wajenge kibanda juu yake. Kivuli ni matengenezo ya kwanza, nayo ni rahisi kuliko yote. Asemaye aiheshimu motakaa ya baba yake, aanze hapo.