Je, Kipaji ni Deni?

Mashabiki wa soka huwa wepesi wa kuhukumu: fulani angefika mbali. Husemwa kwa masikitiko, pengine kwa hasira, kana kwamba mchezaji huyo alikopa kitu kwetu akaondoka bila kulipa. Rory McAllister amesemwa hivyo mara nyingi, nami naona ameonewa.

McAllister alilelewa kisoka Aberdeen, akapita Brechin City, na mwaka 2011 akahamia Peterhead, mji wa bandari ya wavuvi kaskazini mashariki mwa Uskoti. Kwa Peterhead amefunga mabao zaidi ya 200, timu ikicheza madaraja ya tatu na ya nne. Siku za kazi alikuwa fundi bomba. Klabu zenye wachezaji wa muda wote zilimtaka, naye akachagua kubaki na ufundi wake na soka yake ya Jumamosi.

Ligi ya Uskoti ina klabu 42: 12 ziko daraja la juu, nyingine zimegawanywa kumi kumi katika madaraja matatu. Ukishuka huko chini utakuta wachezaji wengi wana kazi nyingine. Mazoezi hufanyika jioni, mara mbili kwa wiki, watu wakitoka kazini. Peterhead wakiwa wageni wa Stranraer, upande wa pili wa nchi, ni safari ya basi ya zaidi ya kilomita 400 kwenda tu. Hakuna anayevumilia maisha hayo mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya uvivu.

Hata hivyo wanaomlaumu wana hoja nzito, na mwenye kuiweka vizuri zaidi ni Immanuel Kant. Katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, anamleta mtu mwenye kipaji anayekiacha kipate kutu huku akijistarehesha. Kant anasema mwenye akili hawezi kutaka hiyo iwe kanuni ya watu wote, kwa kuwa vipaji tumepewa kwa makusudi ya kila namna. Mzazi yeyote aliyewahi kumwona mwanawe mwerevu akitupa vitabu anajua uchungu uliomo katika hoja hiyo. Siidharau.

Lakini kilichokemewa pale ni kutu. Kipaji cha McAllister hakikupata kutu hata kidogo. Kila wiki kilipambana na beki anayekanyaga vifundo na kipa aliyejipanga. Sisi mashabiki tumechanganya mambo mawili, kukitumia kipaji na kukipandisha daraja, kisha tukamshitaki mtu kwa la pili tukitumia maneno yanayofaa la kwanza tu.

Atajibu mtu kwamba bao la daraja la nne ni jepesi. Ni kweli. Msimu wa 1927/28 Jimmy Smith wa Ayr United alifunga mabao 66 katika mechi 38 za daraja la pili la Uskoti. Msimu huohuo Dixie Dean alifunga 60 katika daraja la kwanza la Uingereza akiwa Everton. Dean ndiye anayekumbukwa na dunia, na sioni dhuluma hapo, maana mabeki aliokutana nao walikuwa wagumu zaidi. Ugumu hutuambia nani ni bora kuliko nani. Hautuambii kama jambo lilistahili kufanywa. Tukiufanya kuwa kipimo cha hilo pia, basi mabao yote ya duniani isipokuwa machache ya Kombe la Dunia yatakuwa yamefungwa bure, na Dean mwenyewe ataingia katika hasara hiyo.

Nimtaje sasa Kenny Deuchar wa Gretna. Msimu wa 2004/05 alifunga mabao 38 ya ligi katika daraja la nne, na alifunga hat-triki sita, akaifikia rekodi ya Uingereza ya Jimmy Greaves. Deuchar alikuwa daktari. Huyu ana vipaji viwili, na kila kimoja kinaweza kudai maisha yake yote. Kama kipaji ni deni, hawezi kuyalipa yote mawili kikamilifu. Cha kujiuliza ni kwa nini hakuna aliyemlaumu. Alipogawa muda wake kati ya wagonjwa na uwanja tulimsifu. Fundi bomba akifanya hivyohivyo tunasema amejipunja. Hapo hatuhukumu tena kipaji, tunahukumu kazi. Mtu anayeingiza maji safi na joto katika nyumba za pwani ya Bahari ya Kaskazini hastahili kuambiwa kwamba kazi yake ni kisingizio cha kukwepa mambo makubwa.

Na je, wanaolipa mpaka senti ya mwisho? Allan McGraw wa Morton alifunga mabao 58 msimu wa 1963/64. Timu yake ya daraja la pili ilifika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Rangers, uwanjani Hampden, mbele ya watu zaidi ya laki moja, ikafungwa 5-0. McGraw alikuwa akichomwa sindano za kotisoni magotini ili aendelee kucheza, na kwa miaka mingi baadaye alitembea kwa magongo. Wanaodai deni la kipaji watueleze ni nani aliyepokea malipo ya magoti yale, na kama alikuwa na haki ya kuyapokea. Mimi siwezi kumtaja.

Namwona McAllister akiwa na wadai wa kweli wachache: wenzake katika timu, na watu waliolipa kiingilio pale Balmoor, uwanja wa Peterhead, upepo ukivuma kutoka baharini. Walichomdai kilikuwa bidii ya dakika 90, na mabao zaidi ya 200 yanaonyesha walivyolipwa. Kant mwenyewe, katika kitabu cha mwaka 1797, alikubali kwamba wajibu wa kukuza vipaji ni mpana, na kwamba kila mtu ana uhuru wa kuamua akuze kipi na kwa kiasi gani, kulingana na maisha anayotaka kuishi. Katika kutoa mifano ya njia ambazo mtu anaweza kuchagua, alitaja biashara na taaluma za wasomi, na pamoja nazo akataja kazi ya fundi.