Tadlisi Katika Tanbihi Zetu



Muhula uliopita niliandika insha ya utafiti kuhusu kuingia kwa Uislamu Buganda. Waislamu wengi wa Uganda wanakijua kisa hiki tangu utotoni. Mfanyabiashara wa Kiarabu, Ahmad bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka Suna II mwaka 1844. Alipoona watu wakiuawa kwa amri ya mfalme, alisimama akamwambia kwamba watu wale wana Muumba wao, na kwamba mfalme mwenyewe ameumbwa na Muumba huyo huyo. Insha yangu ilikuwa na kurasa 12 na marejeo 14, nami niliyaonea fahari yale marejeo kuliko kurasa zenyewe.

Nikueleze nilivyoyapata. Niliingia kwenye kanzidata za maktaba kwa neno la siri la chuo na kuanza kutafuta. Nilikuwa nimefundishwa mbinu zake: kufunga maneno kwa alama za mtajo ili yatafutwe kwa pamoja, kuweka AND kati ya maneno mawili ili matokeo yapungue, kuweka OR ili yaongezeke. Nikajifunza pia kwamba majina yetu yana tahajia nyingi, na mashine haijui kwamba Ahmad na Ahmed ni mtu mmoja, wala Mutesa na Muteesa. Ukitafuta kwa tahajia moja, nusu ya elimu inakupita.

Matokeo yalikuja mengi. Baadhi ya makala zilifunguka zote. Nyingine zilinipa ikisiri tu, na chini yake ombi la kulipa dola 30 au 40, fedha ambazo kwangu ni chakula cha wiki kadhaa. Moja haikunipa hata ikisiri. Ilikuwa makala ya Sir John Gray kuhusu Ahmad bin Ibrahim, iliyotoka katika Uganda Journal mwaka 1947. Niliikuta ndani ya marejeo ya watu wengine, jina na mwaka basi. Lakini kila aliyeandika juu ya mwaka 1844 alimtaja Gray, nami nikamtaja. Nikazitaja pia zile nilizosoma ikisiri peke yake. Marejeo yakafika 14. Niliyoyasoma kweli yalikuwa 5.

Ustadh anayetusomesha mustalah al-hadith ndiye aliyeisimamia insha ile. Aliniita ofisini, akaweka kidole juu ya tanbihi ya tatu.

"Huyu Gray, anasema Ahmad bin Ibrahim alimsimulia nani habari zake?"

Nikanyamaza.

"Ulisikia kutoka kwake," akauliza tena, "au ulisikia kwamba wapo waliosikia kutoka kwake?"

Nikamwambia, "Ustadh, wanafunzi wote tunafanya hivi." Akanirudishia karatasi zangu bila alama. "Basi andika upya, mwanangu. Uweke uliyoyasoma."

Nilitoka pale nimekasirika. Sikuwa nimeiba maneno ya mtu. Sikuwa nimebuni makala isiyokuwepo. Gray yupo, makala yake ipo, na mwaka 1844 ndio uliomo katika vitabu vyote. Uongo wangu uko wapi? Swali hilo lilinikaa wiki nzima, na ndilo ninalotaka tulitazame pamoja, kwa sababu sidhani kama niko peke yangu.

Wanafunzi wa hadithi mtakumbuka maana ya tadlisi. Mpokezi amekutana na sheikh fulani, lakini hadithi hii hasa hakuisikia kwake. Ameisikia kwa mtu wa katikati. Anapoisimulia humwacha yule wa katikati na kusema "kutoka kwa fulani", 'an fulan. Hasemi "amenihadithia". Akisema hivyo atakuwa ameongopa waziwazi. Anatumia neno linalobeba maana mbili, kisha anamwacha msikilizaji adhani mwenyewe. Kila neno lake linaweza kutetewa, na bado msikilizaji ameondoka na picha isiyo ya kweli.

Shu'ba bin al-Hajjaj, aliyefariki mwaka 160 Hijria, aliichukia tadlisi kiasi cha kuiweka katika ukoo mmoja na uongo. Wanavyuoni wengine walikuwa wapole zaidi. Hawakumwita kila mudallis mwongo, na baadhi ya waliojulikana kwa tadlisi walikuwa watu wakubwa wa elimu. Lakini walimwekea sharti: hadithi yake haipokelewi mpaka aseme waziwazi kwamba ameisikia. Walichokilinda ni haki ya msikilizaji kujua njia ambayo habari imepitia, ili aweze kuipima.

Sasa itazame tanbihi yangu: "Gray, 1947." Msomaji anaelewa nini? Anaelewa kwamba nimemsoma Gray. Sikuandika "nimemsoma", ni kweli. Lakini hiyo ndiyo maana ya tanbihi katika lugha ya chuo, nami nilijua kwamba ndivyo itakavyoeleweka. Hiyo ni 'an yangu.

Mtu atasema, na mimi nilisema: kama habari yenyewe ni sahihi, madhara yako wapi? Jibu nililipata nilipokwenda kuisoma ile makala. Mkutubi wetu aliniuliza swali moja tu, "Umetafuta kwenye rafu?" Sikuwa nimetafuta. Kanzidata ilikuwa imenifanya nisahau kwamba maktaba ina vitabu. Alinielekeza kwenye majuzuu ya zamani yaliyojalidiwa, na pale, chini ya vumbi, nikamkuta Gray.

Nilichokikuta kilinibadilishia insha. Gray alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, naye hakumwona Ahmad bin Ibrahim kwa macho yake. Alitegemea shajara za Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyekuwa katika utumishi wa Misri na baadaye akawa gavana wa Equatoria. Emin ndiye aliyemsikia Ahmad akieleza safari zake, katika miaka ya 1870. Kwa hiyo nyuma ya ule mwaka 1844 tunaoutaja kwa uhakika kwenye mabango ya sherehe zetu, yupo mzee mmoja anayekumbuka mambo ya miaka takriban 30 iliyopita, msafiri mmoja anayeandika katika shajara yake, na jaji mmoja anayeisoma shajara hiyo miongo mingi baadaye. Ahmad, Emin, Gray, kisha vitabu vyetu, kisha mimi. Ni isnadi, tena si ndefu sana.

Sisemi kwamba habari ni dhaifu. Ahmad alisimulia yaliyompata mwenyewe, na hilo lina uzito wake. Lakini insha yangu ya kwanza ilisema "ni hakika kwamba", na nisingethubutu kuandika hivyo kama ningekuwa nimesoma. Ya pili ilisema "kwa mujibu wa kumbukumbu zake mwenyewe alizomsimulia Emin Pasha". Tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo madhara ya tadlisi. Inakufanya uwe na uhakika ambao hujaufanyia kazi, kisha unamgawia msomaji uhakika huo huo. Naye atakunukuu wewe, bila kujua kwamba mnyororo umekatika mkononi mwako.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na siwezi kuipuuza: umaskini. Makala inauzwa dola 40. Mwenzangu wa London anabonyeza mara moja na inafunguka, kwa kuwa chuo chake kimeshalipa. Mimi nabonyeza na mlango unafungwa. Kisha tunapimwa kwa mizani moja, na mhadhiri anataka marejeo yasiyopungua kumi. Je, mwanafunzi huyu si mwenye kulazimika?

Kuna hadithi katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Asmaa (r.a.), ambayo sikuwahi kuihusisha na masomo mpaka wiki ile. Mwanamke alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama ni vibaya kujionesha mbele ya mke mwenzake kwamba mume amempa kitu ambacho hakumpa. Mtume (s.a.w.) akamfananisha mtu anayejionesha kushiba kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Tafakari hali ya mwanamke yule. Yeye ndiye aliyenyimwa. Huenda kweli amedhulumiwa. Na bado jibu halikumruhusu kuvaa asichopewa.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa hali yetu. Kutokuwa na makala si aibu, ni riziki ambayo haijatufikia, na kama kuna dhulma ndani yake basi dhulma hiyo isemwe. Aibu ni kuvaa marejeo 14 wakati mwilini una 5. Tena vazi hilo linatudhuru sisi wenyewe. Kila mwanafunzi anapotaja makala asiyoipata kana kwamba ameipata, mkutubi hapati habari kwamba mlango ule umefungwa, mhadhiri anaamini mambo ni shwari, na chuo hakina sababu ya kugharamia lolote. Tukiandika ukweli, upungufu wetu utaonekana kwenye karatasi, na kinachoonekana kinaweza kuombewa fedha.

Na njia za halali ni nyingi kuliko tunavyodhani. African Journals OnLine imekuwa ikikusanya majarida ya bara letu tangu mwaka 1998, na mengi yake hayahitaji malipo. DOAJ, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, mwaka 2003, huorodhesha majarida yaliyo wazi kwa wote. Research4Life huzifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo makala ambazo kwingine huuzwa. Muulize mkutubi kama chuo chako kimejiandikisha. Waandishi wengi, ukiwaandikia barua pepe ya adabu, hufurahi kukutumia nakala ya makala yao. Jabir bin Abdillah (r.a.) alipata habari ya hadithi moja aliyokuwa nayo Abdullah bin Unays (r.a.), akanunua ngamia na kusafiri mwezi mzima hadi Sham ili aisikie kwake. Kwa maneno yetu ya leo, ikisiri alikuwa nayo. Sisi hatuambiwi tununue ngamia, tunaambiwa tumwulize mkutubi.

Ikishindikana kabisa, basi adabu ya wanavyuoni inatutosha. Wao walikuwa na jina kwa kila namna ya kupokea elimu. Aliyesikia kwa sheikh alisema amesikia. Aliyemsomea sheikh alisema amesoma mbele yake. Na aliyekuta maandishi ya mtu bila kuyasikia kwake aliita jambo hilo wijada, akasema "nimekuta kwa maandishi ya fulani". Hawakuona haya kusema "nimekuta". Nasi tuna maneno yetu: "Gray, kama alivyonukuliwa na fulani." "Nimesoma ikisiri pekee." Ni maneno machache, hayana gharama yoyote, na yanamwacha msomaji anayetufuata akiwa na ramani sahihi.

Jambo hili lina haraka sasa kuliko zamani. Wenzetu wameanza kuziomba programu za akili mnemba ziwaandikie orodha ya marejeo, na programu hizo wakati mwingine huzaa makala zisizokuwepo, zenye jina la mwandishi, jarida na mwaka. Hiyo si tadlisi tena, hiyo ni maudhu'i. Lakini angalia ni nani anayeweza kunaswa nayo: ni yule aliyekwisha kuzoea kutaja asichokifungua. Aliyezoea kusoma kabla ya kutaja ataitafuta makala, ataikosa, na atajua.

Allah (s.w.t.) ametuamrisha katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, tuhakikishe habari tunapoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Nilidhani aya ile ni ya mambo makubwa, ya vita na fitina. Sasa naisoma hata nikiwa mbele ya kisanduku cha kutafutia.

Insha ya pili ilikuwa na marejeo 7. Matano yale niliyoyasoma, Gray niliyemkuta kwenye rafu, na moja ambalo mbele yake niliandika kwamba nimesoma ikisiri tu kwa kuwa makala yenyewe sikuweza kuilipia. Mkono ulikuwa mzito kuandika tanbihi ile. Niliogopa Ustadh atanishusha alama. Aliizungushia duara, akaandika pembeni kwa Kiarabu neno moja, sadaqta, umesema kweli. Kisha akaipeleka maktaba waone kama makala hiyo inaweza kupatikana. Mpaka ninapoandika haya bado haijapatikana.

Ahmad bin Ibrahim alisema ukweli mbele ya mfalme aliyeweza kumuua. Mimi nilikuwa nikiandika juu yake, nikashindwa kusema ukweli mbele ya tanbihi. Nimwombe Allah anisamehe, na atujaalie sote kuwa waaminifu katika elimu, kubwa yake na ndogo yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.